Kwaresima na bei ya mlo ulioachwa

Kila mwaka Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani majira ya siku arobaini za kufunga kabla ya Pasaka, ikikaribia, swali lilelile hurudi: Kwaresima imeandikwa wapi katika Biblia? Wanaouliza, wengi wao wakiwa ndugu zetu wa makanisa ya kiinjili na ya Kipentekoste, hawaulizi kwa ubishi mtupu, nao wanastahili jibu lisilokwepa. Jibu ni kwamba hakuna mstari unaoiagiza. Yesu alifunga siku arobaini jangwani, lakini hakuwaambia wanafunzi wake wafanye vivyo hivyo kila mwaka kabla ya Pasaka. John Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, alilisema hilo waziwazi katika karne ya 16: Kristo hakufunga ili sisi tumuige, na kuifanya saumu yake kuwa kalenda ya lazima ni ushirikina.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito mkubwa zaidi zamani kuliko ilivyo leo. Mwaka 1522 mjini Zurich, Uswisi, mchapaji Christoph Froschauer aliwaandalia wafanyakazi wake soseji katikati ya Kwaresima, ingawa nyama ilikatazwa. Walikuwa wakifanya kazi usiku na mchana, naye alisema hawawezi kuendelea kwa uji peke yake. Ulrich Zwingli, mhubiri wa mji huo na mwanamatengenezo, alikuwepo mezani. Yeye hakula, lakini jambo lilipofika mbele ya baraza la mji, alipanda mimbari na kuwatetea waliokula. Msingi wake ulikuwa maneno ya Mtume Paulo: “Basi mtu asiwahukumu ninyi katika vyakula au vinywaji.” Katika enzi hiyo mwenye fedha aliweza kulipia ruhusa ya kula siagi wakati wa mfungo. Kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, lina mnara unaoitwa hadi leo Mnara wa Siagi, na inaelezwa kwamba ulijengwa kwa malipo ya aina hiyo. Mfungo unaosimamiwa na baraza la mji, tena ambao tajiri anaweza kujinunulia nafasi ya kutoka, ulihitaji kupingwa. Zwingli alikuwa na haki.

Ila sheria aliyoipinga Zwingli, kwa sehemu kubwa, haipo tena. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alipunguza siku za lazima za kufunga kwa Wakatoliki zikabaki mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hata katika siku hizo mtu anaruhusiwa mlo mmoja kamili na miwili midogo, na anayebanwa ni mtu mzima ambaye hajatimiza miaka 59 na mwenye afya. Ijumaa zinabaki bila nyama. Walutheri na Waanglikana wanaoshika majira haya wanayashika kwa hiari. Kwa hiyo anayejinyima siku zote arobaini leo hakuna anayemsukuma. Kumwambia kwamba yuko utumwani mwa sheria ni kumjibu mtu wa 1522.

Swali linalobaki ni faida. Hapa ndipo naona Kwaresima inaeleweka vibaya, hata na wengi wanaoishika. Tunaizungumzia kana kwamba ni mazoezi ya utashi: nimeacha sukari, nimeacha mitandao ya kijamii, nimepungua kilo. Wakristo wa kwanza walikuwa na kipimo kingine. Katika Mchungaji wa Hermas, andiko la Roma la karne ya 2, mfungaji anaelekezwa ale mkate na maji tu, kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji. Katika karne hiyohiyo Aristides wa Athene, mwandishi Mkristo, alieleza jinsi Wakristo wanavyoishi: akiwapo maskini kati yao na wao hawana ziada, hufunga siku mbili au tatu ili apate chakula.

Tuangalie maana ya hilo. Saumu ilikuwa njia ya watu wasio na akiba kupata cha kutoa. Mlo ulioachwa ulikuwa na bei, na bei ile ilikuwa na mwenyewe. Agostino, askofu wa Kanisa la kale, aliwaonya waumini wake kwamba mtu akijinyima kisha akajiwekea alichookoa, ameongeza uchoyo. Kaya 10 zikiacha mlo mmoja kila siku kwa siku 40, ni milo 400, hata kama katika kila kaya amefunga mtu mmoja tu. Milo hiyo imekwenda wapi? Parokia nyingi zingepata taabu kujibu. Na anayeacha nyama Ijumaa akanunua samaki wa bei kubwa zaidi ametii kanuni, lakini mjane hajapata kitu.

Ndiyo maana tarehe ya pamoja ina thamani. Wenzetu husema mtu afunge Roho anapomwongoza, na hakika wapo wanaofunga hivyo kwa uaminifu mkubwa kutuzidi. Lakini mwenye njaa hawezi kupanga wiki yake kwa kutegemea msukumo wa moyo wa mtu mmoja. Jumuiya nzima ikifunga majira yaleyale, kinachopatikana kinajulikana mapema, kinakusanywa na kinafika.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la majivu. Yesu alisema mfungaji anawe uso, asionekane na watu kuwa anafunga. Sisi tunatoka kanisani na alama kwenye paji la uso. Tena Injili inayosomwa siku hiyo ni hiyohiyo ya Mathayo 6. Siwezi kulifanya pingamizi hilo dogo. Ninachoweza kusema ni kwamba katika mstari ule wa kupokea majivu askofu na mtoto wanaambiwa neno moja: “Kumbuka, ee mwanadamu, u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi.” Wote wakiwa na alama ileile, ni vigumu mmoja kujisifu kwayo. Kishawishi cha kujionyesha ni kikubwa zaidi kwa anayefunga peke yake na kutangaza alichoacha.

Wanaokosoa saumu tupu wajue pia kwamba Kwaresima yenyewe inaikosoa. Ijumaa baada ya Majivu, Wakatoliki husomewa Isaya 58: “Je! Siyo kuwagawia wenye njaa chakula chako?” Mwaka 387 watu wa Antiokia, mji wa Dola la Kirumi, walipindua sanamu za mfalme kwa hasira ya kodi, kisha wakaanza kutetemeka wakisubiri adhabu. Yohane Krisostomo, padri wa mji huo, aliwahubiria Kwaresima hiyo bila kuwabembeleza: kuna faida gani kujizuia kula ndege na samaki huku mnawatafuna ndugu zenu?

Hatua inayotupasa ni ndogo na ya wazi. Bei ya mlo itengwe asubuhi, kabla ya siku kuanza kuila, na Pasaka ikifika jumuiya isomewe kimepatikana kiasi gani na kimetumikaje, pasipo kutaja majina ya waliopokea. Mpaka tufanye hivyo, wanaotuuliza tunafunga kwa faida ya nani wana haki ya kuuliza.