Pweza Wapo

Majaribio ya sauti kwenye 4G hufaulu kwa sababu moja ya kipuuzi: mafundi tukipima, tunahesabu "moja, mbili, tatu" bila kupumua. Mtu asiyenyamaza hawezi kuujua mnara unaoshindwa na watu wanaonyamaza. Ndiyo maana safari hii simu za majaribio wakapewa waongeaji wa kweli: mama ntilie anayetulisha mchana, na kijana anayemletea samaki kutoka soko la Feri. Waliambiwa kwamba tunarekodi.

Kwenye simu ya mama, maongezi yalisikika hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pweza wapo?"

Kimya. Kijana anachungulia ndoo.

"Wapo."

"Na ngisi?"

Kimya tena.

"Tuna, mama."

"Basi niletee kilo 5 za pweza na 5 za ngisi."

Kimya kirefu cha mtu aliyeanza kuudhika.

"Kuna, mama! Kuna!"

"Sasa kelele za nini? Si nimesikia kuna!"

Saa sita mchana ubao wa mama ulikuwa umeandikwa wali pweza, ugali ngisi, na wateja wameshakaa. Kijana akatokea na fungu la vibua. Yaliyofuata yalihusisha mwiko.

Rekodi ya upande wa kijana ilimtetea. Alisema hawapo, akasema hatuna, akasema hakuna. Silabi zilizopotea zilikufa ndani ya simu yake, hata mnarani hazikufika.

Mtu akiongea, simu hutoa pakiti moja ya sauti kila milisekunde 20. Kwa ugawaji wa papo kwa papo, lazima simu iombe nafasi ya kutuma hewani, ipewe, ndipo itume. Kwa ugawaji wa kudumu nusu, yaani SPS, amri moja ya mnara inatosha: nafasi ileile inarudi kila milisekunde 20 bila kuomba, kama kiti cha daladala ulichokiwekea mtandio. Tatizo ni mtandio usio na mwenyewe. Simu ikipitisha nafasi tupu kadhaa mfululizo, inaifuta ruhusa hiyo yenyewe. Viwango vilivyopo ni 2, 3, 4 au 8. Mnara ule ulikuja na 2, yaani milisekunde 40 za kimya. Nani amewahi kuchungulia ndoo ya samaki kwa milisekunde 40?

Kijana akifungua mdomo tena, simu inaanza upya kuomba. Zamu ya kuomba ilipangwa kila milisekunde 80. Naye alikuwa nyuma ya makasha ya chuma ya barafu, ombi la kwanza halikusikika, ikangojwa zamu nyingine: 160. Nafasi ya kwanza ikaja ndogo, ikatosha tu kutaja ukubwa wa foleni. Ongeza kama 20. Wakati huohuo simu ilikuwa na agizo la kutupa pakiti yoyote ya sauti iliyongoja zaidi ya milisekunde 50. Toa 50 kwenye 180, zinabaki 130 za sauti jalalani, na "ha" haihitaji zaidi ya hapo. Lugha inayotanguliza kukanusha haikustahili mipangilio ile.

Marekebisho yalikuwa manne. Kikomo cha nafasi tupu kilipandishwa hadi 8, na namba hiyo ina sababu: mtu akinyamaza, kodeki ya AMR, yaani programu inayogeuza sauti kuwa pakiti, hutuma pakiti ndogo ya kelele za mandhari kila milisekunde 160, yaani kila nafasi ya 8. Zinapita tupu 7, pakiti inaingia, hesabu inaanza upya, ruhusa haifutiki. Zamu ya kuomba ikashushwa hadi kila milisekunde 10. Muda wa kutupa ukawa milisekunde 100. Na mnara ukaambiwa urudishe SPS kwa amri ya chaneli ya udhibiti mara tu ombi la sauti linapoingia, badala ya kungoja uone foleni ikijaa. Kuanzia amri hiyo, simu inatuma baada ya milisekunde 4.

Gharama ipo: kwenye kimya, nafasi 7 kati ya 8 zinarushwa hewani bila neno. Kwa mnara wenye msongamano ningebishana na namba hiyo. Kijana aliiona kwenye chaji, akatupigia kulalamika. Tukamweleza kwamba simu yake inatumia umeme kutuma kimya.

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Haiwezekani."

Lilifika zima.