Kama Mlawi, na Zaidi

Kwanza kabisa, kwa mnaosema nilikwenda jumuiya ya kanisa na kisu: sikwenda nacho. Jumuiya yenyewe ilikuwa kwangu, sebuleni kwangu, na siku hiyo nyumba nzima haikuwa na kisu hata kimoja, hata kile butu cha kupakia siagi. Nitafika huko. Pili, sikulia. Taa ya sebuleni ilikuwa inanipiga machoni. Ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu ya kwaya tangu Alhamisi ameirekodi rafiki yangu wa sauti ya tatu, mtu ambaye nilimsimamia harusi yake, na anajijua. Imenifikia mara saba. Mara ya mwisho imetokea Mwanza.

Sasa sikieni kwa mhusika mwenyewe.

Lile grupu letu la kumaliza Biblia ndani ya mwaka mnalijua. Tulianza Jumatatu, tarehe 5 Januari, kwa mpango ule wa siku zote: sura 3 kila siku, Jumapili 5. Biblia ina sura 1,189, na wiki 52 za mpango huo zinatoa 1,196. Mimi ni mhasibu, wadau, nikasimama mbele ya watu nikaitangaza hesabu hiyo, kwamba mwisho wa mwaka tunabaki na akiba ya sura 7. Wakapiga makofi. Nikavimba. Jioni yake nikamwongeza hadi baba mkwe kwenye grupu, mwinjilisti mstaafu, yuko zake Kibaha, ili aone binti yake kaolewa na mtu wa namna gani. Hilo liwekeni akilini.

Mwanzo nilianza vizuri. Kutoka nilitoka salama. Nilianguka Alhamisi ya tarehe 5 Februari, Walawi 12 hadi 14. Sura ya 13 peke yake ina mistari 59 ya vipele, mabaka na nywele zilizobadilika rangi, na mimi naisomea ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, mguu mmoja uko chini, wa pili uko juu ya kiatu cha mtu, na pale ninapotakiwa kuishikia simu pana kwapa la baba mmoja mrefu. Nilifumba macho kidogo niombe nguvu. Nikafumbua tumefika Kivukoni.

Wewe unayecheka, Walawi uliimaliza?

Niliinuka kidogo kwenye Hesabu, kwa sababu jina lenyewe nilijua hapa ndipo nyumbani. Ile sura ya 7, ambayo watu wote waliilalamikia kwenye grupu kwamba wakuu 12 wanaleta sadaka ileile neno kwa neno, mimi niliifurahia kuliko Zaburi. Kila mkuu sahani ya fedha shekeli 130, bakuli shekeli 70. Mara 12, ni 2,400. Na mwisho wa sura jumla imewekwa: 2,400. Imeshika! Nilikaribia kunena kwa lugha. Baada ya hapo nikaanguka tena na sikuinuka.

Lakini kwenye grupu nilikuwa hai. Katibu wetu ni dada mmoja ambaye angekuwa mkaguzi wa mahesabu hapa mjini tungefungwa wengi. Katikati ya Februari alipiga marufuku zile tiki za kijani. "Nimesoma" peke yake haipokelewi, andika kilichokugusa. Basi nikajifunza ufundi. Unafungua sura ya mwisho ya siku, unasoma mistari michache ya juu, unachuma kitu kimoja kizuri, unakivalisha "nimebarikiwa mno", unatuma. Yoshua yote nimepita nayo hivyo, mpaka wenzangu wakaanza kuniita mwalimu.

Inakuja Jumapili ya tarehe 15 Machi. Tuko Kwaresma. Siku ya sura tano, Waamuzi 15 hadi 19. Huyo aliyeamua Jumapili ndiyo siku ya sura nyingi, bila shaka Jumapili yeye hupumzika. Mimi saa moja asubuhi nilikuwa kwenye ibada ya kwanza, kwaya yetu inaimba. Ibada ya pili, tunaimba tena. Baada ya hapo mnada wa mazao, nikashindania jogoo nisiyemhitaji kwa sababu mzee mmoja alinitazama vibaya. Kuhesabu sadaka. Kamati ya ujenzi. Kutoka hapo kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, ambako nilichaguliwa mweka hazina nikiwa nimeenda kunawa mikono. Nimefika nyumbani saa tatu usiku, na jogoo kwapani. Siku nzima nimekuwa na Bwana, ila kusoma neno lake sikupata hata dakika.

Saa tano na dakika arobaini katibu akatupia: "Bado watu wanne." Na majina. Mimi wa pili.

Nikafungua sura ya 19 nikiwa chali kitandani, jicho moja. Jamani, ilianza vizuri! Mlawi mmoja, mwanamke wake kamkimbia kwenda kwa babake Bethlehemu, miezi minne. Mwanamume anafunga safari kumfuata, anakwenda kusema naye kwa upole, ana mtumishi na punda wawili. Baba mkwe anampokea kwa furaha, wanakula, wanakunywa. Siku ya nne anataka kuondoka, mkwe anamwambia kaa kwanza ule. Siku ya tano hivyo hivyo. (Neno "suria" nililiona pale juu. Nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na suti.) Nilipofika mstari wa tisa moyo umejaa, kope zimejaa. Nikaandika, na hapa nanakili kama ilivyo kwa sababu picha yake mnayo tayari:

"Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimebarikiwa MNO na sura ya 19. Mwanamume anamfuata mke wake hadi ukweni! Ee Bwana, nisaidie nimtendee Mama Mapacha kama Mlawi huyu alivyomtendea wa kwake, na zaidi."

Hiyo "na zaidi" ndiyo isiyonipa usingizi.

Grupu likanyamaza. Watu themanini na kitu, wanaandika, wanafuta, wanaandika, wanafuta. Kisha Mchungaji mwenyewe: "Umesoma hadi mwisho, Baba Mapacha?" Nikaona nimepata sifa. Nikajibu, "Hadi mwisho kabisa, Mchungaji. Nimerudia mara mbili." Nikaweka na emoji ya ua.

Simu ya mke wangu ikawaka pembeni yangu. Akasoma. Akageuza shingo taratibu, akanitazama kwa muda mrefu. Nikamkonyeza.

Akachukua mto wake akaenda kulala chumba cha watoto. Nikajua kaguswa, kaenda kuomba.

Asubuhi saa kumi na mbili baba mkwe akapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mpe simu mwanangu."

"Yuko bafuni, baba."

"Nasubiri."

Alisubiri kweli, wadau, kimya, napumua mimi anapumua yeye, mpaka alipoisikia sauti ya bintiye. Nikasema moyoni, wazee hawa wanapenda watoto wao. Mchana Mchungaji akaandika kwamba jumuiya ya Jumatano ihamie kwangu, niwashirikishe nilichopokea. Jioni kachumbari ilikuja na vitunguu vimepasuliwa robo robo kama vya kupandwa. Nikauliza kisu kiko wapi. "Kimehifadhiwa." Nikala.

Mtaniuliza siku tatu zote nilishindwa nini kumalizia mistari 21. Ritani za VAT zinatakiwa kufika si zaidi ya tarehe 20. Aliyewahi kuzikimbiza hataniuliza. Halafu nilikuwa nimeshaieleza sura hiyo kwa watu watano ofisini, na kadiri nilivyoieleza ndivyo nilivyozidi kuijua.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa kawaida jumuiya yetu huja watu tisa, kumi akija shemasi. Siku hiyo viatu vilijaa kibarazani hadi kwenye mabanda ya kuku. Walikuja watu ambao sijawaona tangu Krismasi. Mchungaji alikaa mbele kabisa. Yule wa sauti ya tatu alikaa karibu na soketi, simu yake inachaji. Mezani mikate miwili mizima, haijakatwa. Nikamnong'oneza mke wangu, mbona mkate mzima? Akasema kwa sauti ya kusikika, "Utamegwa." Kina mama wakaguna wote kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi.

Mzee wa jumuiya akasema mwenye ujumbe na asome mwenyewe, kwa sauti, wengine tufuatilie. Nikasimama pale penye nafasi, mlangoni. Nikaanza. Wadau, nilisoma! Sauti ya Mlawi nikaiweka upole, sauti ya mkwe nikaikoroza kizee, "tuliza moyo wako, ule," nikapunga na mkono. Hakuna aliyekohoa. Nilidhani ni upako.

Nikamaliza mstari wa tisa na nikashusha pumzi ya kumalizia. Kidole gumba kikasogeza ukurasa, kwa mazoea tu. Ukaendelea kushuka. Ukashuka tena. Kumi, kumi na moja, kumi na tano... Nikakumbuka nilisema mara mbili.

Sasa ikabidi nisome huku nimevaa uso wa mtu anayejua kinachokuja. Ni kazi ngumu, jaribuni siku moja. Wamechelewa kuondoka. Jua linatua. Mtumishi anasema walale Yebusi, Mlawi anakataa. Nikatikisa kichwa kwa hekima, kana kwamba naam, hapo ndipo penye somo. Wanafika Gibea, hakuna anayewakaribisha. Mzee mmoja anatoka shamba, anawachukua, anawapa punda chakula, wanaosha miguu, wanakula. Nikapumua. Nikafikiri haya, imeisha kwa ukarimu, asante Yesu. Nikamtazama Mchungaji na nikatabasamu. Yeye hakutabasamu.

Mstari wa 22 mlango ukagongwa.

Kuanzia hapo hakuna kichekesho na sitaweka. Anayeijua sura anajua watu wa mji walimfanyia nini yule mwanamke usiku kucha, na nani alimtoa nje kwa mkono wake ili yeye apone. Mlawi wangu. Yule wa upole. Sauti yangu ilishuka yenyewe, kama redio iliyoishiwa betri, hadi bibi mmoja mziwi kule nyuma akasema, "Hatusikii, baba." Nikarudia. Asubuhi Mlawi anafungua mlango aende zake, mwanamke amelala pale, mikono yake juu ya kizingiti. Nikatazama chini. Nimesimama kwenye kizingiti.

Jicho likatangulia mbele ya mdomo, likaenda hadi mstari wa 29, likaona neno "kisu".

Ndipo vitunguu vikanirudia. Mkate. Mto. "Mpe simu mwanangu." Ile "na zaidi" ikapita mbele yangu kwa herufi kubwa. Mstari ule unasema Mlawi alimkata mwanamke wake vipande kumi na viwili, ndugu zangu. Zaidi ya kumi na viwili ni vingapi?

Nikanyanyua macho kumtafuta mke wangu. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, anatazama dari.

"Soma," akasema. "Hadi mwisho kabisa."

Nikasoma. Kumi na viwili. Vikatumwa mipaka yote ya Israeli. Nikafunga simu. Hata jogoo wa mnada alinyamaza huko nje. Mchungaji akaweka miwani yake sawa na kuuliza, taratibu, bila ubaya wowote, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe: "Baba Mapacha, hasa hasa ulibarikiwa na nini?"

Nilikuwa na sekunde tatu. Nilitafuta ndani ya sura ile kiumbe chochote kilichotoka salama.

"Punda," nikasema.

"Punda?"

"Wawili, Mchungaji. Walipewa chakula."

Yaliyofuata mnayo kwenye ile sauti, kicheko cha kwanza ni cha mke wangu. Nilikiri mbele ya wote, Walawi hadi Waamuzi. Katibu aliandika kila kitu kwenye daftari. Wengine watatu wakakiri palepale, mmoja ni mzee wa kanisa, simtaji, alikwama Mwanzo. Mkate ulimegwa. Mpangilio wangu mpya ni saa kumi alfajiri na mke wangu ananiuliza maswali. Mtaani naitwa Punda Wawili, hata konda kanisikilizisha ile sauti.

Visu vilikuwa Kibaha. Shemeji yangu alivipitia Jumatatu na kikapu, kwa amri ya mzee. Jumamosi tukavifuata, mimi na Mama Mapacha, hadi ukweni. Nilikwenda kusema kwa upole. Baba mkwe alitupokea vizuri, akachinja, hakugusia lolote. Saa kumi na moja jioni nikaomba ruhusa, visu nimeshavifunga kwenye gazeti. Akatazama jua, akanitazama mimi.

"Siku imekwisha, baba. Laleni hapa."

Kesho yake nina kwaya ibada ya kwanza, sare iko Kimara, haijapigwa pasi. Nikavua viatu nikalala. Mimi hiyo sura nimeisoma.