Karo ya mia mbili: mgao wa serikali uifuate shule au mtoto?

Rais Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, ilitarajiwa kwamba shule za kibinafsi zingekosa wateja. Nairobi ikaenda kinyume. Madarasa ya umma yalifurika, na mzazi aliyeweza kujikamua akamhamisha mwanawe. Katika mitaa ya mabanda ya Kibra, Mathare na Mukuru, ambako shule za serikali zilikuwa chache tangu hapo, shule za mabati zikazidi kuchipuka. Bridge International Academies, mtandao wa shule za kibinafsi za karo nafuu, nayo ilianzia Mukuru kwa Njenga mwaka 2009.

Ukitaja shule ya kibinafsi, wengi huwazia mabasi ya mitaa ya kitajiri ya Karen na Lavington. Mtaani mambo ni mengine: mama mboga analeta mia mbili leo, hamsini kesho, na mwenye shule anaandika daftarini akijua wazi muhula utaisha deni likiwa palepale. Mwenye shule huyo ndiye "mwekezaji" wetu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazitambua shule za kibinafsi, na miongozo ya APBET (ya serikali kuhusu shule mbadala za elimu ya msingi) ikazilegezea masharti zile za mabandani. Pesa ndizo ngumu. Mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka umekusudiwa shule za umma. Wenye shule wanalalamika, na wana hoja: kifungu cha 53 cha Katiba kinampa haki ya elimu ya msingi ya bure mtoto, si jengo.

Lakini tusijifanye tumesahau mtaa wa Ng'ando, Nairobi. Septemba 2019 darasa la shule ya kibinafsi ya Precious Talent liliporomoka na watoto wanane wakafariki. Anayepinga kuwapa wamiliki pesa za umma ana sababu nzito: nani atakagua kuta, na nani atahakikisha mwalimu amesomea kazi yake? Tena kila shilingi inayokwenda huko haijengi shule ya umma.

Hata hivyo, naona serikali hupenda kufunga kuliko kujenga. Tangu sekondari msingi (gredi ya saba hadi ya tisa) ianze 2023, shule ndogo isiyo na maabara huishia gredi ya sita, na watoto wake wanarudi kwenye yaleyale madarasa yaliyojaa. Kwangu mimi, mgao umfuate mtoto pale tu ambapo hakuna shule ya umma karibu na jengo limepita ukaguzi, kisha usitishwe siku shule ya umma itakapofunguliwa mtaani humo. Wamiliki hawatalipenda sharti hilo la mwisho.