Jabali na Mwandishi: nyumba ni ya nani?

Mpenzi wa muziki wa dansi wa Tanzania akisikia jina Jabali anamkumbuka Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyeiongoza Dar International. Ng'ambo yuko Jabali mwingine. Huyo haimbi, anakaa nyuma ya jukwaa, na wako watu waliomsikia miaka hamsini bila kujua kwamba ni yeye. Anaitwa Billy Hart, mpiga dramu wa jazi, mzaliwa wa Washington, Novemba 1940. Amepiga kwenye albamu zaidi ya 600. Zilizotoka kwa jina lake ni chache mno mbele ya hizo, na ya kwanza aliirekodi mwaka 1977, akiwa na miaka 36 na ameshapita bendi za vigogo kadhaa.

Wanamuziki wa Dar wana neno deiwaka kwa mtu anayeitwa kuziba nafasi kwa usiku mmoja na kulipwa palepale. Hart alikaa na bendi moja miaka miwili, mitatu, kwa hiyo neno hilo halimtoshi. Nitamwita msindikizaji: mtu anayepiga muziki uliotungwa na mwenzake, katika bendi yenye jina la mwenzake. Swali linalonikereketa ni kama maisha hayo ni hasara au ni riziki njema, na kila nikilishika narudi kwenye bendi ile ile iliyompa jina la Jabali.

Ilikuwa bendi ya watu sita ya mpiga piano Herbie Hancock, kati ya mwaka 1970 na 1973. Enzi hizo vijana Weusi wengi wa Marekani walikuwa wamekichagua Kiswahili kiwe lugha yao ya kurudi Afrika. Sikukuu ya Kwanzaa ilikuwa imeanzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga, na mmoja wa vijana wa harakati zake, James Mtume, ndiye aliyeigawia bendi ile majina. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari. Julian Priester wa trombone akawa Pepo Mtoto. Bennie Maupin wa saksofoni akawa Mwile, kwa maana ya mwili. Hart akawa Jabali. Hancock mwenyewe akawa Mwandishi, na ndilo likawa jina la albamu yao ya mwaka 1971.

Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuyapita majina hayo mawili, Mwandishi na Jabali, bila kusimama. Mwandishi ndiye anayetia tungo kwenye karatasi. Jabali ndilo linalobeba nyumba isititie. Na kwa sheria ya hakimiliki, hati ya nyumba huandikwa jina la mwandishi.

Katika biashara ya muziki ya Marekani wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utungo, yaani mahadhi ya wimbo na maneno yake. Ya pili ni rekodi yenyewe. Mtunzi hupata mirabaha kila utungo wake unapouzwa au kupigwa redioni, hata ukirekodiwa na watu wengine kabisa. Rekodi huwa ya kampuni, na kiongozi wa bendi hupata fungu lake kwa mkataba. Mpiga dramu hulipwa ujira wa siku ya studio, kwa kima kilichopangwa na chama cha wanamuziki. Kazi ikifanywa kwa utaratibu wa chama upo pia mfuko maalumu, tangu mwaka 1964, unaomwongezea kidogo kwa miaka michache inayofuata. Baada ya hapo, basi. Mdundo wake, hata uwe ndio uti wa mgongo wa wimbo, kwa kawaida hauhesabiwi kuwa utungo.

Sasa weka santuri ile ya mwaka 1971 usikilize wimbo wake wa kwanza. Besi inashika kifungu kimoja na kukirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Kihesabu kwa kidole mezani: nane, halafu saba. Jumla 15. Mguu wako utakuwa unalitafuta pigo la 16 ili utue, na pigo hilo halipo. Katika wimbo huo wapiga dramu ni wawili, Hart na kijana wa miaka 18 aliyekuwa naye ana jina letu, Leon "Ndugu" Chancler. Kinachonishangaza ni kwamba mchezo ule wa kukosa pigo moja hauchoshi. Matoazi yanaumwagia wimbo maji, ngoma ndogo inadokeza pale ambapo sikio linakaribia kupotea, na dakika zaidi ya 12 zinakwisha ukiwa umezoea kuchechemea. Ondoa dramu ubaki na kifungu cha besi kilichoandikwa: una zoezi la hesabu. Utungo ni wa Hancock, na ni halali yake. Lakini kilichoufanya ule utungo utembee kilitoka mikononi na miguuni mwa watu wawili ambao karatasi ya hakimiliki haiwajui.

Wanaosema msindikizaji ananyonywa husimama hapo, na mimi nasimama nao hatua kadhaa. Wana hoja nyingine nzito zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 iliweka malipo kwa rekodi zinazochezwa kwenye redio za kidijitali. Ikiingia dola 100, mwenye rekodi huchukua 50, msanii mwenye jina huchukua 45, waimbaji wa kuitikia 2.50, na wapigaji wengine wote kwa pamoja 2.50. Chukua bendi ya watu sita kama ile: kiongozi ana dola 45, na wenzake watano wakigawana sawa, kila mmoja ana senti 50. Redio za kawaida ndizo mbaya zaidi, maana zenyewe huwalipa watunzi peke yao. Wapigaji hawapati kitu.

Lakini upande wa pili nao una la kusema, tena Hancock mwenyewe ni ushahidi. Bendi ile haikuwa ikijilipa. Muziki wake ulikuwa mgumu, watu sita walihitaji nauli, hoteli na mishahara, na baadaye akaongezeka wa saba na mitambo yake ya sauti. Hancock alikuwa akiziba pengo kwa mirabaha ya tungo zake za nyuma, hasa wimbo aliourekodi mwaka 1962 kuhusu muuza matikiti wa utotoni mwake, ambao mwaka uliofuata ulivuma sana ulipopigwa na Mongo Santamaría wa konga. Kwa maneno mengine, ile hati ya nyumba ndiyo iliyokuwa ikimlisha Jabali. Msindikizaji hakopi benki, wala haulizwi na mwenye ukumbi kwa nini viti ni vitupu. Onyesho likila hasara, ujira wake uko palepale. Anayebeba hatari ana haki ya kupata zaidi siku mambo yakinyooka, na sioni namna ya kuipinga hoja hiyo kwa uaminifu.

Naikubali, ila na doa lake. Kwenye ile rekodi ya mwaka 1962 mpiga dramu alikuwa Billy Higgins, na ule mwendo wa kuyumba kiunoni ulioufanya wimbo upendwe una mikono yake ndani. Mirabaha ikaja kulisha bendi iliyokuwa na mpiga dramu mwingine. Hakuna aliyeiba. Ndivyo mfumo ulivyojengwa.

Mwaka 1973 Hancock akachoka kubeba mzigo, akaivunja bendi. Hart akaenda kwa McCoy Tyner wa piano, halafu kwa Stan Getz wa saksofoni hadi mwaka 1977. Watetezi wa usindikizaji huanzia hapa, nami huwasikiliza kwa hamu, kwa sababu wanazungumzia muziki. Angalia njia aliyopita mtu huyu. Ujanani aliwapigia waimbaji wa soul, akina Otis Redding, pale Howard Theatre mjini kwao. Akaenda kwa Jimmy Smith wa kinanda cha ogani, kisha kwa Wes Montgomery wa gitaa hadi gwiji huyo alipofariki mwaka 1968. Akaingia studio na Miles Davis wa tarumbeta mwaka 1972, kwenye kazi iliyowachukiza wakosoaji wengi wa siku zile. Kiongozi gani angeweza kuyafanya yote hayo kwa jina lake mwenyewe? Kiongozi hufungwa na wanunuzi wake, akibadilika wanalalamika. Msindikizaji hubadilika kila anapobadilisha bendi.

Shule yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa Shirley Horn, mpiga piano na mwimbaji wa Washington. Horn alipenda kuimba polepole kupita kiasi cha kawaida, hata wapigaji wakijiuliza kama ataimba neno linalofuata au ameghairi. Asiyepiga dramu hudhani mwendo wa haraka ndio mgumu. Katika mwendo wa haraka kosa hufunikwa na pigo linalofuata. Kwa Horn kosa lingebaki limesimama mbele ya ukumbi mzima. Mkono wa kushoto unazungusha brashi juu ya ngozi ya ngoma ndogo, ukipangusa kama mtu anayefuta vumbi mezani, na duara hilo lazima lifike mahali pake wakati mwimbaji anafumba mdomo. Ukiwahi kidogo umemsukuma. Ukichelewa, kila mtu amesikia. Elimu hiyo haipatikani kwenye bendi yako mwenyewe, kwa sababu kwenye bendi yako mwendo unaupanga wewe, na utaupanga pale unapojiweza.

Hapo sina kigugumizi: usindikizaji ni sanaa iliyokamilika, na anayeuona kuwa ngazi ya kupandia kwenye uongozi hajasikiliza vizuri. Ninapotengana na watetezi wake ni pale wanapoutumia uzuri huo kujibu swali la pesa. Utasikia kwamba mpigaji wa kweli hupigia mapenzi, kwamba heshima ya wenzake inamtosha. Heshima hailipi kodi ya nyumba. Buck Hill, mpiga saksofoni wa Washington ambaye ndiye aliyempa Hart akiwa kijana santuri za Charlie Parker, gwiji wa saksofoni, alisambaza barua za posta mitaani kwa miaka mingi ili aishi. Na taifa lilipomtunuku Hart heshima yake kubwa ya jazi mwaka 2022, ile inayokuja na dola 25,000, alikuwa na umri wa miaka 81.

Mtu atauliza: si bora mshahara? Kwetu, bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ziliajiri wanamuziki kwa mshahara wa mwezi na vyombo vikawa vya mwajiri. Ni usalama ambao Hart hakuwa nao. Lakini hati haikuhamia kwa mpiga dramu. Ilibadilisha tu mmiliki.

Jibu ninaloliona lina mantiki liko kwenye maisha ya yule kijana Ndugu. Mwaka 1982 Ndugu Chancler aliingia studio kumpigia Michael Jackson. "Billie Jean" unaanza kwa dramu peke yake, mizunguko miwili kabla besi haijaingia, na dunia nzima huutambua kabla haujafika pigo la tano. Mikono ile ni ya Ndugu, na mtunzi anayetambulika ni Jackson peke yake. Mwaka huo huo wimbo mwingine ukavuma, "Let It Whip" wa Dazz Band, ambao Ndugu aliutunga pamoja na Reggie Andrews. Mtu yule yule, mwaka ule ule, mikono ile ile. Katika wimbo mmoja alikuwa Jabali, katika mwingine alikuwa Mwandishi pia.

Tena haihitaji kuiacha bendi ya mwenzako. Hancock alipounda kundi jipya mwaka 1973, wimbo wao uliovuma kuliko zote, "Chameleon", uliandikishwa majina ya watunzi wanne: yeye, Maupin, mpiga besi Paul Jackson na mpiga dramu Harvey Mason. Wimbo ulikuwa umezaliwa wakipiga pamoja, na karatasi ikasema hivyo. Hancock hakufilisika kwa kugawa. Kwa hiyo inapodaiwa kwamba mdundo hauwezi kuingia kwenye hati, namwonyesha mtu hati hiyo. Kinachotakiwa ni kiongozi aliye tayari, na mpigaji anayejua kuuliza kabla taa nyekundu ya studio haijawaka.

Mwaka 2025, akiwa na miaka 84, Hart alitoa albamu nyingine na bendi yake ya watu wanne, ambayo amekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20: Mark Turner wa saksofoni, Ethan Iverson wa piano, Ben Street wa besi. Jina la mbele ni Billy Hart. Geuza nyuma usome watunzi: Hart, Iverson, Turner, kila utungo na jina la aliyeuleta.