Chekeni Mizaha Yake, Si Lafudhi Yake

Juma lililopita nilitoka ukumbini kwa hasira kabla onyesho halijakwisha. Dada mmoja mchekeshaji, mtu wa bara, wa Machakos, aliyehamia Kisauni hapa Mombasa, alikuwa amewashika watu barabara kwa kisa cha feri ya Likoni. Neno moja likamteleza, "l" ikawa "r". Basi! Mtu akapaza sauti, arudi kwao akajifunze Kiswahili kwanza, na ukumbi mzima ukamcheka yeye badala ya kisa chake.

Tangu hapo namfikiria Josephine Baker, yule mwimbaji na mchezaji dansi. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka wa 1906, katika umaskini. Alipoanza, alikuwa yule mchezaji wa mwisho kwenye mstari, anayejifanya amesahau hatua, anapindua macho na kuvuruga kila kitu mpaka watu wanashika mbavu. Alifika Paris 1925, ana miaka 19, na hakungoja matamshi yanyooke ndipo apande jukwaani. Kifaransa alikiimba kwa lafudhi ya kwao, na mji ukaipenda. Mwaka wa 1930 aliimba kwamba mapenzi yake ni mawili, nchi yake na Paris, na wimbo ule ukawa wa Wafaransa wenyewe.

Sawa, Paris haikuwa pepo. Ile sketi ya ndizi aliyoivaa akicheza ilibeba dharau za kikoloni, na alipofukuzwa kwa madeni katika kasri lake la Milandes, aliyemsaidia kupata makao ni Grace, mke wa mtawala wa Monaco. Lakini Aprili 1975 alipanda tena jukwaa la Paris kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake huko. Siku chache baadaye akafariki, na watu wakajaa barabarani kumuaga. Mwaka wa 2021 alipoingizwa Panthéon, jengo la Paris wanamoenziwa mashujaa wa Ufaransa, jeneza lilibeba udongo wa St. Louis na wa Paris pamoja.

Sasa sisi. Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu, alitoka Lamu na Kiamu chake, na Mombasa ikamkumbatia. Mtaniambia Kiamu ni lugha ya tenzi, hakilingani na Kiswahili cha Machakos. Haya, mbona mwanamume wa hapa akiiga lafudhi ya Machakos mnampigia makofi na kumtuza? Lafudhi ile ile, mwenyewe akija nayo, tena mwanamke, inakuwa kosa! Hilo ndilo linaloniuma. Kongowea tunanunua mboga kwa Kiswahili cha kila namna, tunapanda matatu za Bamburi na makanga wa kila kabila, tunatibiwa na madaktari wa kutoka kila kaunti, na hakuna anayemsahihisha mwenzake "r" na "l". Ni jukwaani tu ndipo tunapogeuka walinzi wa lugha. Dada huyu amesikiliza mji wetu kuliko wengi waliozaliwa Majengo. Anajua mabaharia wa feri wanavyofoka, anajua mama wa Likoni anavyojibu. Mtu hawezi kuchekesha hivyo kuhusu mahali asipopapenda.

Kuhusu maadili, wanaosema mwanamke hafai kuchekesha hadharani, wakakumbuke vijembe vya bibi zao harusini.

Nanyi mnaoandaa maonyesho, anayezomea mtoeni nje. Mchekeshaji mpeni jioni nzima pale Little Theatre Club, jina lake likae juu kwenye tangazo, na mlipeni usiku huo huo, kabla taa hazijazimwa.