Yoti ya Kuvutwa kwa Tela Ziwa Nyasa: Hofu ya Mjomba na Hesabu za Fundi

Rafiki yangu mwenye gereji Mwanjelwa, Mbeya, ameshachomelea tela kabla hajanunua boti. Ni tela la ekseli mbili, limekaa nyuma ya gereji miezi kadhaa sasa, na kuku wamelifanya banda. Anachotaka kupakia juu yake ni yoti ya mtumba: boti ya tanga ya mita 7 au 8, yenye chumba kidogo cha kulala na mlingoti unaolazwa, nyepesi kiasi cha kuvutwa na pikapu. Anataka kuishusha Matema, ufukweni mwa ziwa, mwisho wa juma, azungushe wageni, Jumapili jioni aipandishe tena Mbeya.

Mjomba wake ni mvuvi wa usipa huko huko Matema. Alipoonyeshwa picha kwenye simu aliikuza, akaitazama chini, akauliza: "Mkuku wake uko wapi?" Mkuku ni ule ubapa mzito unaoning'inia chini ya boti. Akajibiwa kwamba yoti hii haina mkuku wa chuma, ina tangi la maji tumboni. Mzee akarudisha simu. "Mwanangu, hicho ni kisahani. Kusi ikivuma mwezi wa saba kitawamwaga."

Nimewasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na nadhani kila mmoja ana hoja nzito kuliko anavyoieleza.

Tuanze na mzee, kwa kuwa ziwa ni lake. Nyasa ina urefu wa zaidi ya kilometa 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na upande wetu wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta. Kati ya Mei na Agosti kusi, yaani upepo wa kusini-mashariki, ambao ng'ambo ya Malawi wanauita Mwera, unasafiri na ziwa lote kwa urefu wake. Sisi wa Kyela tuko mwisho wa njia hiyo, na wimbi linalofika Matema au Itungi limekuwa likikua mamia ya kilometa. Tena si wimbi refu la bahari linalokuinua polepole na kukushusha polepole. Ni fupi, limesimama, na lingine liko nyuma yake kabla hujakaa sawa. Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika ziwa hili karibu na Chilumba, upande wa Malawi, watu 145 wakafa. Ile ilikuwa meli ya chuma, mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa hili hili.

Hesabu zinamuunga mkono mzee pia. Baada ya dhoruba ya mwaka 1979 kuua wanamashindano 15 wa mbio za yoti za Fastnet kati ya Uingereza na Ireland, wataalamu walijaribu vielelezo vidogo vya yoti kwenye mabwawa ya majaribio. Waliona kwamba wimbi linalovunjika likiipiga boti ubavuni, kimo cha asilimia 30 tu ya urefu wa boti kinaweza kuilaza kabisa. Kikifika asilimia 60, karibu boti yoyote itabingirika, iwe na mkuku wa madini ya risasi au haina. Kwa yoti ya mita 7, asilimia 30 ni mita 2 na kidogo. Yaani boti ikiwa ndogo, wimbi la kuiangusha nalo linakuwa la kawaida.

Sasa tangi. Hapa ndipo wengi hupotea, na nimesikia hata watu wenye boti wakisema maji ndani ya maji hayana uzito, kwa hiyo tangi ni kiini macho. Si kweli. Maji ya tangini ni farumi kamili, yaani uzito wa chini wa kuituliza boti. Yanaishusha boti, yanashusha uzito wake chini, na boti ikilala upande mmoja yanainuka pamoja na sakafu na kuivuta irudi. Tatizo lake ni pale yanapokaa. Risasi ni nzito kama mara 11 kuliko maji, hivyo fundi anaweza kuifinyanga bonge dogo na kulining'iniza chini kabisa ya mkuku, mita moja au zaidi chini ya sakafu. Maji yanataka nafasi kubwa, kwa hiyo yanalala bapa chini tu ya miguu yako. Uzito ni ule ule, lakini mkono wa kuvutia ni mfupi. Ndiyo maana yoti ya bahari kuu yenye mkuku mzito inaweza kulala hata digrii 120, mlingoti ukiwa ndani ya maji, na bado ikarudi wima. Nyingi za tangi hazifiki huko.

Na tangi lina ubaya mwingine ambao mkuku hauna: linaweza kuwa tupu. Baya zaidi, linaweza kuwa nusu. Kila aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka mtoni anajua kwa nini mama aliweka tawi la majani juu ya maji. Maji yenye nafasi hukimbilia upande ulioinama, na ndoo inakushinda. Tangi la nusu linafanya hivyo hivyo: boti inainama kidogo, maji yanahamia huko huko, boti inainama zaidi.

Mfano unaonukuliwa sana ni wa Marekani. Tarehe 4 Julai 2002, kwenye Ziwa Champlain jimbo la Vermont, yoti ya MacGregor ya futi 26 ilipinduka ikiwa na watu 11. Watoto wawili waliokuwa ndani walikufa. Tangi lilikuwa tupu, na mwenye usukani alikuwa amelewa. Maelekezo ya boti za aina ile yanasema wazi kwamba bila maji tangini wasizidi watu wanne, wakae chini, tanga lisipandishwe, na kwamba boti ikilala kupita digrii 60 huenda isirudi. Mzee wa Matema akisikia kisa hiki atasema, si niliwaambia?

Mimi nakisoma tofauti kidogo. Watu 11 waliosimama na kukaa juu ya boti nyepesi ni kama kilo 700, na ni uzito unaotembea. Sisi tunalijua hili kwa machungu yetu. MV Nyerere ilikuwa ya abiria 101, ilibeba zaidi ya mara mbili, na Septemba 2018 ikapinduka ikikaribia gati la Ukara. Watu 228 wakafa. Ilikuwa kivuko, tena ziwa jingine, lakini mizani haiangalii jina la chombo.

Turudi Matema kwa mtumbwi wenyewe, ambao mzee anaupanda bila woga. Jumamosi wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu mnada wa Lyulilo kutoka Ikombe. Tazama mtumbwi unapokuja: vyungu vimepangwa chini, vimebanwa kwa nyasi visicheze, wapiga kasia wamekaa, na mti ule mzima umetulia majini. Utazame ukirudi mtupu. Unacheza kama jani, na anayeusimamia anachuchumaa bila kuambiwa. Hiyo ndiyo sayansi nzima ya farumi, na mzee anaijua kuliko mimi. Kinachomtisha kwenye yoti ni kwamba farumi yake haionekani. Vyungu unaviona, maji ya tangini unaambiwa tu yapo.

Basi fundi anasemaje? Hoja yake ya kwanza ni barabara, na ni hoja ya mtu wa Mbeya. Kutoka Uyole unapanda, unapita Tukuyu, halafu unateremka hadi ziwani, ambako ni mita 470 na kitu tu juu ya usawa wa bahari. Kushuka kwa zaidi ya mita 1,000 ukisukumwa na tela mgongoni si mchezo. Tangi la yoti kama ile ya Champlain linabeba zaidi ya nusu tani ya maji. Uzito huo unaupata ziwani bure na kuumwaga ziwani. Mwenye mkuku wa chuma anaushusha mlimani na kuupandisha, kila safari. Sitamcheka mtu anayesema breki zitaua watu wengi kuliko mawimbi.

Hoja ya pili ndiyo ninayoipenda. Boti ya tela si mateka wa ziwa. Boti iliyofungwa gatini inapigwa na kila upepo unaokuja. Hii ikitangaziwa kusi inalala gereji. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa upepo na mawimbi, Ziwa Nyasa likiwemo, na mtu aliye Mwanjelwa anaweza kuusoma Ijumaa jioni na kuamua kwenda Mtera kuvua, au kukaa nyumbani.

Na udogo wenyewe haujawa hukumu ya kifo. Mwaka 1965 Robert Manry, Mmarekani, alivuka Atlantiki peke yake kwa siku 78 katika Tinkerbelle, boti ya futi 13 na nusu. Alitupwa majini zaidi ya mara moja, akarudi ndani kwa kamba aliyojifunga. Webb Chiles naye alizunguka sehemu kubwa ya dunia katika boti ya wazi ya futi 18, ya aina inayovutwa kwa gari. Mwaka 1980 ilipinduka Pasifiki, akaelea wiki mbili, akafika nchi kavu, akaitengeneza, akaendelea. Siwasifu hawa kama mfano kwa wageni wa Jumamosi. Nasema tu kwamba boti ndogo iliyoundwa vizuri huelea kama kizibo, na kizibo hakizami.

Lakini hoja hii ya pili ina tundu, nami nilimwambia. Mwenye boti yake anaweza kungoja hali ya hewa. Mwenye wageni waliolipa, waliotoka Dar kwa basi, na kesho wanarudi, hangoji vizuri. Wazungu wamegawa boti kwa madaraja: A na B za bahari, C ya karibu na pwani kwa upepo hadi namba 6 ya kipimo cha Beaufort, ambao ni upepo mkali, na mawimbi ya mita 2, D ya maji yaliyojificha. Nyingi za tela hupewa C. Hiyo mita 2 ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, maana yake katikati yake litapita moja linalokaribia mita 4. Karatasi inayosema C haikupi ruhusa ya Julai.

Jambo moja vitabu vya Ulaya vinalikuza kuliko hapa ni baridi. Huko ukianguka majini una dakika chache kabla mikono haijagoma. Nyasa maji ni vuguvugu; mtu mwenye jaketi la kuokolea anaweza kungoja saa nyingi. Kwetu cha kuogopa ni kungoja bila kuonekana, na kuogelea kuelekea midomo ya mito, ambako mamba wana mambo yao. Kwa hiyo boti iliyojaa maji lakini ikabaki ikielea, kwa sababu ina povu gumu lililojazwa kwenye kuta, naithamini kuliko boti yenye sifa ya kurudi wima lakini ikiingia maji inakwenda chini kama jiwe. Mkuku wa chuma bila povu una ubaya wake, na mzee hakulisema hilo.

Nikiwekwa kitimoto, nasimama hapa. Kwa fundi na familia yake, Oktoba na Novemba, asubuhi, bila kuacha ufukwe mbali, yoti ya tangi inafaa. Kwa kubeba abiria wa kulipa sikubali tangi. Anunue yenye mkuku wa uzito unaopandishwa na kushushwa, wenye pini ya kuufunga chini usirudi tumboni boti ikilala, akubali kuchoma dizeli zaidi Tukuyu, na apeleke chombo TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wakikague kabla ya mgeni wa kwanza. Fundi hajafurahi. Anasema pini hiyo hiyo mtu anaweza kusahau kuifunga kama anavyoweza kusahau tangi. Ni kweli, ila mkuku uliosahaulika bado una uzito wake, tangi lililosahaulika halina kitu.

Wiki iliyopita tuliwakutanisha kwa simu, mjomba na mpwa. Mzee hakuuliza madaraja wala Marekani. Alitaka kujua kamba ya kileleni mwa mlingoti ina urefu gani. Akasema siku boti ikifika, kabla ya mtu kupanda, wataileta kwenye maji ya kiunoni palipotulia, tangi limejaa, madirisha yamefungwa, naye atashika kamba na kuivuta hadi mlingoti uguse maji. Kisha ataiachia.

"Na isipoinuka?" mpwa akauliza.

"Mtarudi na tela lenu."

Fundi amekubali. Juzi nilimkuta anafukuza kuku.