Nyonga ya bandia na veterani wetu wa Tabora: tumemkalisha benchi haraka mno

Kila Jumapili asubuhi tukicheza veterani hapa Tabora kuna kaka yetu mmoja, zamani winga wa kulia, anakaa chini ya mwembe ameshika simu na funguo za watu. Ana miaka 46, nyonga alibadilishiwa Dar mwaka jana, saa hizi anatembea vizuri kabisa bila fimbo. Akisimama tu anyooshe miguu utasikia mtu anapiga kelele, "kaa chini we, chuma kitachomoka!" Anacheka, anakaa.

Wanaomkataza wana hoja, tena nzito. Ile nyonga ni kichwa cha chuma au seramiki kinachozunguka ndani ya kikombe, mara nyingi cha plastiki, na plastiki inalika. Mpira una kugongana na kugeuka ghafla, akianguka vibaya mfupa unavunjika pale pale chuma kilipoishia. Operesheni ya marudio ni ngumu kuliko ya kwanza, na kwetu huku maana yake ni kurudi Dar au Mwanza, ndugu wa kuuguza, na hela ya kuchangishana upya. Mimi mwenyewe siwezi kumwambia arudi winga.

Ila kutoka kumwambia mtu "usikabe" mpaka kumwambia "usinyanyuke" ni mbali sana jamani.

Kuna namba huwa nairudia kichwani. Mwaka 2017 Waingereza walitoa utafiti, aliyebadilishiwa nyonga au goti akiwa na miaka 70 na kuendelea, uwezekano wa kurudia operesheni maishani ni kama 5 kwa 100, lakini mwanaume aliyefanyiwa mwanzoni mwa hamsini inafika mpaka 35 kwa 100. Watu wanaishika hiyo 35 wanasema umeona, atulie. Sasa hebu tuisome vizuri, hata kwa umri huo 65 hawarudii kabisa, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni kwamba kijana ana miaka mingi mbele ya kuishi nayo, sio lazima kwamba alicheza. Utafiti mwingine wa 2019 ukaonyesha kama nyonga 58 kwa 100 zinafika miaka 25, na hizo ni za zamani, kabla plastiki ngumu zaidi haijaenea.

Mifano ya mastaa inatupotosha pande zote mbili. Bo Jackson wa Marekani alirudi kucheza besiboli mwaka 1993 na nyonga ya bandia, na msimu uliofuata, 1994, ndio ukawa wa mwisho kwake. Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza, alifanyiwa operesheni Januari 2019, Oktoba akabeba kombe Antwerp, lakini yeye alivalishwa kofia ya chuma juu ya mfupa wake, hakubadilishiwa nyonga nzima, na alikuwa na wataalamu wa mazoezi muda wote. Kaka yetu ana sisi.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, nyonga kuchomoka hatari yake kubwa ni miezi ile ya mwanzo, na mara nyingi ni kwenye kujikunja sana, goti likapanda kupita kiuno au mguu ukapinda kwa ndani. Yaani choo cha kuchuchumaa! Tulimkataza uwanja wakati kila asubuhi alikuwa anachuchumaa, hakuna hata mmoja wetu aliyempelekea kiti kilichotobolewa katikati. Tena wapo vijana wa miaka ishirini na kitu ambao sikoseli imewaharibia mfupa wa nyonga, hao nao wakibadilishiwa tutawaambia wakae miaka 40 iliyobaki?

Kuogelea, kutembea, baiskeli, hivyo madaktari wengi wanaruhusu mtu akishapona. Baiskeli yake ina mtalimbo, kurusha mguu nyuma bado inamsumbua, kwa hiyo ameazima ya kike ya shemeji yangu. Juzi nimekutana naye Isevya anakanyaga taratibu, shati limeloa mgongoni, akaniambia kliniki ijayo anaenda na picha ya eksirei amuulize daktari kuhusu kupiga pasi tu, amesimama, bila kukaba. Nimemwambia nauli ya basi nitachangia.